Skrepa sita za aina moja: uchambuzi wa kazi ya kukwangua rangi ya zamani Raskazone, Tanga

Nyumba iko Raskazone, Tanga, upande ule wenye nyumba nyingi za enzi za ukoloni zilizobaki na baraza zake pana. Chini ni ukuta wa mawe uliopigwa lipu ya chokaa. Juu, kwenye pembetatu za paa, ni mbao zilizopandana, kila moja ikifunika ukingo wa mwenzake ili mvua iteleze. Kuna nguzo na kingo za mbao kuzunguka baraza, fishabodi ndefu (mbao zinazoziba ukingo wa paa), na madirisha ya mvule ya luva, yaani vipande vyembamba vilivyopangwa kwa mteremko, ambayo hakuna fundi wa leo atakayekutengenezea kwa bei ya kawaida. Mwenye nyumba ni mama mstaafu. Alitaka yote ipakwe upya baada ya masika na kabla ya vuli, akaita fundi rangi anayemfahamu, wakapatana bei moja ya kazi nzima.

Fundi alikuja na skrepa sita mpya, zote za aina moja: bapa la inchi nne, jembamba, linapinda ukilisukuma, mpini wa plastiki. Dukani zinauzwa kama skrepa, lakini kwa kweli ni visu vya kupakia pati. Vijana wake waliingia upande unaopigwa na kusi, na magamba yakashuka kwa furaha. Walipozunguka upande wenye kivuli, chini ya paa, kazi ikalala. Bapa lilikuwa linateleza juu ya rangi bila kung'ata chochote, mikono inauma, na ubao unabaki kama ulivyokuwa.

"Mama, rangi hii imeshakuwa jiwe," fundi akasema. "Niruhusu nilete grenda na brashi ya waya, keshokutwa nakukabidhi mbao tupu."

"Ngoja kwanza, baba. Namwita mtu aje aangalie."

Mtu mwenyewe ni mimi, na ninaandika kisa hiki kwa sababu nimekikuta kwa sura hiyohiyo Moshi, Lushoto na Mombasa. Fundi hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa na chombo cha kazi moja mbele ya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kubandua. Rangi imeachana na ubao, hewa imeingia chini yake, kinachotakiwa ni bapa lipite katikati na kuinua. Hapo unasukuma, bapa likiwa limelala karibu na ubao, na hata kisu cha pati kinatosha, ingawa bapa gumu lisilopinda linafanya vizuri zaidi. Kazi ya pili ni kukwangua. Rangi imeshika, au imeshika nusu, na inapaswa kukatwa kutoka juu kwenda chini, tabaka baada ya tabaka. Hapo kusukuma ni kutwanga maji kwenye kinu. Unahitaji skrepa ya kuvuta: bapa fupi lililokaa kama herufi T mbele ya mpini mrefu, makali yakitazama nyuma kuelekea kwako. Mkono mmoja unavuta, wa pili unakandamiza kichwa, na uzito wa mabega unakuwa sehemu ya chombo.

Upana nao ulichangia. Nguvu ya mtu ni ileile. Ukiitandaza kwenye inchi nne, kila sehemu ya makali inapata kidogo. Ukiibana kwenye inchi mbili, kila sehemu inapata mara mbili. Mwenye haraka huvutiwa na bapa pana kwa kudhani litafagia eneo kubwa. Kwenye rangi iliyoshika ni kinyume: bapa la milimita 40 au 50 ndilo linalomaliza ubao.

Kabla ya skrepa yoyote, hata hivyo, ilibidi tuiondoe grenda mezani, na sababu haikuwa mbao peke yake. Ukivunja gamba la rangi ya nyumba ile na kulitazama ubavuni unahesabu tabaka: krimu, kijani kizito, nyeupe iliyogeuka manjano, kijani tena, bluu. Rangi za mafuta za miaka hiyo zilitiwa madini ya risasi, ama kama weupe wenyewe, ama kama rangi ya manjano, kijani na nyekundu, ama kama kikaushio. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 600 kwa milioni kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, na mwaka 2009 ikashusha kikomo hadi 90. Kwa hiyo huko fundi ana mstari wa kujihami: nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 anaichukulia kuwa na risasi mpaka ipimwe. Sisi hatuna mstari safi namna hiyo. Vipimo vilivyofanywa kwenye rangi za mafuta za madukani Tanzania na Kenya viliendelea kukuta risasi nyingi hata baada ya mwaka 2000. Umri wa nyumba hauitakasi rangi yake.

Hatukuwa na kipimo pale, tukaichukulia ipo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, ambao mkono ukitoka sakafuni unakwenda mdomoni. Mama ana wajukuu wanaoshinda barazani. Kuna na kuku wa jirani, na kuku hudonoa magamba ya rangi. Risasi ikishaingia kwa kuku inaweza kufika kwenye yai. Grenda yenye brashi ya waya ingegeuza tabaka zote hizo kuwa vumbi laini na kulitawanya mpaka kwenye mchanga wa uani, mbali ya kuacha michirizi na mashimo kwenye mbao. Moto wa gesi nao tuliukataa. Risasi ikichomwa sana inatoa mvuke, na ndani ya paa lile kulikuwa na viota vikavu vya ndege vya miaka na miaka. Cheche moja inatosha.

Ikabaki mikono, na maji. Chupa ya kunyunyizia, ukungu mwembamba mbele ya bapa, si kulowesha ubao. Turubai la nailoni chini, likitoka walau mita tatu mbele ya ukuta, ambacho ndicho kipimo wanachotakiwa kufuata mafundi wa Marekani kwa kazi za nje. Barakoa ya daraja la N95 au zaidi, si kitambaa. Kunawa kabla ya kula, na nguo za kazi hazifuliwi beseni moja na za watoto. Vijana walilalamikia barakoa kwa sababu ya joto, na joto la Tanga ni la kulalamikiwa kweli, lakini walizivaa.

Sasa skrepa zenyewe. Zipo za chuma cha kaboni na zipo za kabaidi (tungsten carbide), na watu hubishana kana kwamba moja ni ya kisasa na nyingine ni ya kimaskini. Mimi sioni hivyo. Chuma cha kaboni ni laini kiasi kwamba tupa inaking'ata, hivyo unakinoa palepale ulipo, juu ya jukwaa, kwa dakika moja. Ubaya wake ni kwamba kinaisha makali haraka. Kwenye rangi ya zamani yenye chumvi na mchanga wa pwani, robo saa ya kazi ni ndefu. Kabaidi ni ngumu mno. Inakaa na makali muda mrefu mara nyingi zaidi, lakini bei yake ni mara nyingi zaidi vilevile, tupa haiikati kabisa maana inateleza tu juu yake, na kuinoa unahitaji kibao cha almasi. Tena ugumu wake ni wa kioo: ikigonga kichwa cha msumari inamegeka, na pengo hilo linachora mstari kwenye ubao kila unapovuta.

Tuliagiza Dar moja ya kabaidi, ya kuvuta, yenye kishikio cha juu na bapa la pande mbili linalogeuzwa upande mmoja ukichoka. Hii tukaipangia mbao za pembetatu za paa na fishabodi, kwa sababu ndizo ndefu, bapa, na nyingi, na juu ya ngazi hutaki kunoa kila mara. Sharti lilikuwa moja: misumari kwanza. Kijana mmoja anatangulia na panchi (kichuma cha kuzamishia misumari) na nyundo, anapitisha kiganja juu ya ubao, na kila kichwa cha msumari anachokihisi anakizamisha milimita mbili. Mashimo yatajazwa pati baadaye. Kwa fundi asiye na nidhamu hiyo nisingemnunulia kabaidi hata kama hela ipo.

Kwa nguzo, kingo za baraza na fremu za milango tulichukua skrepa mbili za kuvuta za chuma cha kaboni, na tupa mbili bapa za meno laini, mpya. Tupa zilileta ubishi. Fundi alisema anazo nyumbani. Alizileta, zilikuwa zimekula kutu na zimejaa risasi za betri na alumini, haziwezi kunoa hata jembe. Ninasisitiza tupa kwa sababu hapa ndipo hela ndogo inafanya kazi kubwa. Skrepa ya bei rahisi iliyonolewa sasa hivi inaishinda ya bei ghali iliyonolewa wiki iliyopita, na hilo halina mjadala kwa mtu aliyewahi kushika zote mbili.

Namna ya kunoa ilistahili nusu ya asubuhi, na tuliipa. Bapa linabanwa kwenye jiriwa, au mpini unakandamizwa kwa goti kwenye ngazi kama jiriwa iko mbali. Tupa inafuata mteremko uleule wa kiwandani, inasukumwa upande mmoja tu, haivutwi kurudi huku imegusa. Misukumo michache mirefu, mpaka ukipitisha kidole upande wa pili, kwa kukiburuta kutoka bapani kwenda nje, unahisi kijiukingo kimejikunja. Kijiukingo hicho watu wa visu hukiondoa. Mtu wa skrepa anakiacha, maana ndicho kinachokata. Kisha pembe mbili za bapa zinapigwa tupa kidogo zipoteze ncha, na katikati inaachwa na tumbo jepesi lisiloonekana kwa macho ya haraka. Bapa lililonyooka kabisa lenye pembe kali likiinama kidogo tu mkononi linachimba mfereji kwenye ubao.

Ishara ya makali iko chini ya miguu yako. Skrepa kali inatoa vipande vinavyojikunja kama maganda ya penseli. Skrepa butu inatoa unga. Na unga ndio tuliokuwa tunaukimbia tangu mwanzo. Vijana walipoelewa hivyo, waliacha kuona kunoa kama adhabu, kwa kuwa macho yao wenyewe yaliwaambia ni wakati gani.

Aliyechelewa kuelewa ni mama. Alikuwa anamwona fundi amekaa kwenye ngazi na tupa, akaniuliza kwa upole wa kipwani kama ndivyo kazi za siku hizi zinavyolipwa. Hapo ndipo nilipoona kiini cha zile skrepa sita na cha grenda. Bei ilikuwa moja kwa kazi nzima. Fundi anayelipwa hivyo anapata faida kwenye kupaka, ambako kunaonekana, na anapata hasara kwenye kukwangua, ambako hakuna anayekutazama. Kila dakika ya tupa inamtoka mfukoni mwake. Ukimpa skrepa bora duniani chini ya mapatano hayo, ataitumia kiasi cha kukuridhisha na kisha atapaka juu ya magamba. Tuliketi barazani watatu, tukatenga kukwangua na kupaka ziwe bei mbili, na kukwangua kulipwe kwa upande wa nyumba, kila upande ukikaguliwa kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya msingi. Baada ya hapo sikusikia tena neno grenda.

Luva zilikuwa shughuli ya peke yake. Nafasi kati ya kipande na kipande haiingizi skrepa ya kawaida, na mtu akilazimisha anavunja vipande. Tulizitoa kwenye bawaba, kila moja ikaandikwa namba upande wa bawaba ambako rangi haifiki, zikalazwa juu ya farasi wa mbao (stendi za seremala) kivulini. Huko nje kuna skrepa ndogo zenye bapa la pembetatu na la umbo la tone, nzuri sana kwa mapambo na kona, lakini Tanga siku ile hazikuwepo. Seremala wa mtaa wa pili alitufaa: alikuwa na msumeno wa mkono uliokwisha meno. Chuma cha msumeno wa zamani ni kizuri kwa jambo hili, chembamba, kigumu kiasi, na tupa inakikubali. Alikata vipande vya upana wa vidole viwili, kimoja tukakiviringisha mwisho kufuata mgongo wa luva, kingine tukakikata pembe kali kwa ajili ya kona za fremu. Ukikishika kwa vidole gumba ukikikunja kidogo, kinavuta rangi kutoka mahali ambapo hakuna chombo cha dukani kingefika. Kijana mdogo kuliko wote, mwenye subira, alipewa luva zote, na akawa na fahari nazo.

Kwenye lipu ya chokaa skrepa za kuvuta zilipigwa marufuku. Chokaa ni laini. Kabaidi ingeingia mpaka kwenye mawe. Pale zile skrepa sita za inchi nne zilipata heshima yake, maana rangi ya maji ya plastiki iliyopakwa juu ya chokaa ilikuwa imeinuka yenyewe kwa unyevu na chumvi inayopanda kutoka chini, na kuibandua ilikuwa kusukuma tu. Nilimwambia mama wazi kwamba akirudisha rangi ya plastiki pale, itainuka tena hata kama ukuta umekwanguliwa na malaika. Alikubali chokaa. Nondo za madirisha nazo hazitaki skrepa bali brashi ya waya ya mkono, na kwa kuwa chini kabisa kulikuwa na praima ya rangi ya chungwa iliyoiva, ambayo mara nyingi ni ya risasi, zilisuguliwa zikiwa zimelowa.

Swali lililobaki, na ambalo wengi hulikosea kwa kupenda usafi, ni pa kuishia. Si lazima ubao uwe mtupu. Rangi iliyoshika vizuri ni msingi bora kuliko praima yoyote utakayonunua. Kipimo ni rahisi: unakata alama ya msalaba kwa wembe mpaka kwenye ubao, unabandika selotepu ngumu juu yake, unasugua kwa ukucha, unaing'oa kwa mpigo mmoja. Ikitoka na rangi, endelea kukwangua. Ikitoka tupu, acha, kisha lainisha ukingo wa tabaka kwa msasa namba 80 uliolowa ili ukingo huo usionekane chini ya rangi mpya. Upande wa kivuli, uleule ambao fundi alisema umekuwa jiwe, sehemu kubwa ilipita kipimo hicho. Jiwe lile halikuhitaji kuondolewa kabisa. Lilihitaji kukwanguliwa mahali palipolegea na kuachwa kwingine. Vijana walikuwa wanapigana na rangi nzima.

Mbao zilizobaki tupu zilikuwa na saa yake. Jua linaharibu uso wa ubao mtupu haraka, na utafiti wa Forest Products Laboratory, maabara ya utafiti wa mbao ya Marekani, umeonyesha kuwa wiki chache tu za kuachwa wazi zinapunguza nguvu ya rangi kushika. Ndiyo maana tulikwangua upande mmoja, tukauacha ukauke maji yale ya chupa, tukaufuta kwa kitambaa chenye thina kwa sababu mvule una mafuta yake, na tukaupa praima kabla ya kuhamisha ngazi. Fundi alitaka kukwangua nyumba nzima kwanza ili apake kwa mkupuo. Kwa ukuta wa lipu ningemwachia. Kwa mbao, hapana.

Kabaidi ilimegeka kwenye pembetatu ya mwisho. Kijana wa panchi alikuwa ameitwa kushika ngazi, mwenzake akaendelea bila kumsubiri, msumari ukajibu. Bapa likageuzwa upande wa pili, na mstari uliochorwa kwenye ubao ukajazwa pati. Kingo za baraza, ambazo zina mikunjo mingi na zilikuwa zimeachwa mwisho, zilimalizwa na skrepa za chuma cha kaboni na vile vipande vya msumeno. Fundi aliniomba avinunue vipande vile kwa seremala. Seremala akampa bure na kumkatia vingine viwili.